Mtoa Habari wa Nne

Siku Nyokabi alipofika, Thoya alikuwa juu ya mnazi, na kama angekaa huko huko juu, wangekuwa na shamba mpaka leo. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Ukimwambia asijilaumu, anakutukana.

Alishuka kwa udaku tu. Aliona gari dogo jeupe limesimama mwisho wa njia ya mchanga, na mwanamke kijana ametoka na faili kifuani, anaangaza huku na huku kama karani wa sensa. Shamba lilikuwa nyuma ya Takaungu, ekari nne na ushee, minazi mia na kumi na saba, nyumba mbili za makuti, kisima, na kaburi la babu yake, Ngumbao. Thoya alikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule aliiacha kidato cha pili, hakufukuzwa wala hakukosa ada. Alichoka kukaa kitako akiambiwa anyamaze. Akaanza kukwea. Kwa siku aliangua minazi arobaini, na huko juu alikuwa akipiga kelele vile apendavyo.

"Shikamoo nyanya," yule mwanamke alimwamkia Kadzo, bibi yake Thoya, aliyekuwa uani anafua nazi. "Naitwa Nyokabi. Nasomesha sheria chuo kikuu, Mombasa. Niko kwenye utafiti wa shahada yangu ya uzamivu."

"Marahaba. Utafiti wa nini, mwanangu?"

"Wa ardhi. Namna watu walivyoingia kwenye mashamba ambayo hawana hati zake."

Kadzo akamtazama, akaitazama faili, akamwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Muulize huyu. Mdomo wa nyumba hii ni yeye."

Wakakaa kwenye kitanda cha kamba nje ya jiko. Nyokabi akatoa karatasi, akasema ni ya ridhaa, kwamba habari zote ni za masomo tu na jina halitatajwa popote. Thoya akatia sahihi bila kusoma. Kisha kikatolewa kidude cha kurekodi, kidogo kama kiberiti, kikawekwa katikati yao.

Yalikuwa maswali ya kawaida. Mna watu wangapi? Mnapanda nini? Hati mnayo? Hatuna. Mmeshawahi kufukuzwa? Bado. Halafu akauliza, kwa upole, "Kuna watu huwaita nyinyi wavamizi. Hilo unalionaje?"

Hapo ndipo Nyokabi alipompata.

"Wavamizi? Sisi?" Thoya akasimama. "Hebu hakikisha hicho kidude kinashika. Babu yangu alitoka Ganze mwaka wa sabini na moja, yeye na jembe na mke mjamzito. Hapa palikuwa pori. Hakutia jembe! Alikwenda Takaungu mjini mpaka kwa mwenyewe, Mzee Jaafar, akapiga hodi mlangoni. Akaambiwa karibu. Akaambiwa, pale pori, fyeka, panda, kaa na watoto wako. Sisi hatukumvamia mtu. Sisi tulipiga hodi. Na mpaka babu anakufa, kila Idi kikapu cha nazi kilikwenda kwa Jaafar, na hakikurudi kitupu hata siku moja. Kilirudi na halua, kilirudi na mchele. Andika hivyo. Andika watu wa huku wana adabu zao."

Nyokabi akaandika. Aliandika haraka, kichwa chini, na Thoya akafurahi kuona mtu wa chuo anayaandika maneno yake kwa bidii namna ile. Akamkwelea madafu mawili. Akamsindikiza mpaka garini.

Miaka miwili baadaye ikaja barua.

Mzee Jaafar alikuwa ameshakufa, na mkewe Bi Hindu pia, na watoto wao wametawanyika. Aliyebaki kushika mirathi ni mjukuu, Twahir, mwenye duka la vipuri vya magari Malindi. Twahir si mgeni kwao. Utotoni yeye na Thoya walikula sahani moja kila Idi, wakagombania nyama. Sasa alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kujenga nyumba za watalii, na barua ilisema familia ya marehemu Ngumbao ipewe siku sitini iondoke.

"Huyu Twahir ni yupi?" Kadzo aliuliza, barua iko miguuni pake. "Si yule aliyekuwa na upele kichwani?"

"Ndiye yuyo, Hawe." Hawe ni bibi, kwa Kigiriama.

"Basi kuna aliyemdanganya. Nitakwenda nizungumze naye."

Akaenda Malindi mwenyewe na kikapu chake. Twahir akampa kiti na soda, akamwamkia vizuri, akasema jambo lenyewe liko kwa mawakili, yeye hana la kufanya. Kadzo akarudi na kikapu kitupu.

Ndipo wakatafuta wakili. Walimpata Kilifi mjini, anaitwa Ndinda, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la dawa. Mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na sheria aliieleza mpaka mtu wa kidato cha pili akaielewa.

"Sikilizeni," alisema. "Ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka kumi na miwili, waziwazi, mchana kweupe, na mwenyewe amenyamaza, sheria inaweza kukupa ardhi ile. Nyinyi mmekaa hamsini na tatu. Mmepanda, mmejenga, mmezika. Hii ni kesi nzuri."

Akaifungua kesi kwa jina la Kadzo. Mwaka mzima Thoya akalala vizuri. Alipita Takaungu akipiga mluzi, akimwona mtu wa upande wa Twahir anamwambia, "Salamia tajiri wako, mwambie atafute kiwanja kingine."

Halafu Ndinda akawaita. Safari hii hakucheka. Mbele yake alikuwa na rundo la karatasi kutoka kwa wakili wa Twahir, na katikati ya rundo kulikuwa na makala iliyotolewa kwenye jarida la sheria. Kizungu kitupu, ila pale penye maneno ya watu, ambayo yameachwa kwa Kiswahili kama yalivyosemwa.

Ndinda akasoma kwa sauti. "'Mtoa habari wa nne, mwanamume, shamba lililo nyuma ya Takaungu, lenye kisima na kaburi. Hakutia jembe. Alikwenda kwa mwenyewe akapiga hodi. Akaambiwa karibu. Sisi hatukumvamia mtu.'" Akainua macho. "Nani huyu?"

Thoya aliyatambua maneno yake. Angeweza kunyamaza, jina halikuwamo. Lakini kunyamaza hakujui.

"Ni mimi."

"Ewe Mola," Ndinda akasema.

"Kwani kosa liko wapi? Si ndivyo ilivyokuwa? Si nimewasifu wazee?"

Ndinda akaivua miwani. "Kuna neno moja sikulisisitiza siku ile, na kosa hilo ni langu. Hiyo miaka kumi na miwili inahesabiwa ukiwa umekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Bila ruhusa, Thoya. Ukiingia kama mwizi na mwenye mali akalala, unapata. Ukiomba ukakaribishwa, wewe ni mgeni wake. Kaa miaka mia, bado mgeni. Siku yoyote anakwambia basi, toka."

"Kwa hiyo babu angeiba…"

"Angeiba mngekuwa na hati."

Chini barabarani muuza samaki alikuwa anaita wateja. Kadzo alikuwa amekaa wima na mkoba wake mapajani. Ndinda akamgeukia.

"Nyanya, mimi sikufundishi la kusema kortini, nikikufundisha watanivua joho. Nakwambia tu hivi: ukiulizwa kama mliruhusiwa, ukasema ndiyo, kesi imekufa pale pale. Umenielewa?"

"Nimekusikia," Kadzo akasema.

Wiki ile Thoya hakukwea. Alikwenda Mombasa kumtafuta Nyokabi, na shati lake la harusi za watu. Chuoni askari wa lango akamuuliza yeye mwanafunzi wa mwaka gani. "Wa nne," akajibu, akapita.

Akaelekezwa kwenye ukumbi ambako Nyokabi alikuwa anafundisha. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa safu ya mwisho. Vijana kama themanini, wa umri wake, wana kompyuta na chupa za maji. Nyokabi alikuwa mbele, amenenepa kidogo, na ukutani nyuma yake, kwa herufi kubwa kama za tangazo la sinema, yalikuwa maneno yake Thoya. Sisi hatukumvamia mtu. Sisi tulipiga hodi.

"Haya," Nyokabi alikuwa anasema. "Wewe ndiye wakili wa mtu huyu. Unafanyaje? Kioko."

Kijana mmoja mwembamba akajinyoosha. "Namwambia arudi nyumbani, mwalimu. Huyu amejimaliza mwenyewe."

Darasa likacheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha watu walioelewa hesabu ngumu.

"Angemeza mate tu," msichana mmoja akaongeza, "angepata ekari zake zote."

"Na hiyo ya halua, je?" mwingine akadakia. "Kodi ya nazi, risiti ya halua!"

Wakacheka tena. Nyokabi hakucheka. "Ndiyo hoja yangu, Cindy. Sheria hii tumeiokota kwa Waingereza. Inamtunza aliyenyang'anya, inamwadhibu aliyebisha hodi. Mila za pwani hazimjui mgeni wa miaka hamsini. Ukishazika, wewe ni mwenyeji. Sheria ndiyo ifuate, si watu."

Themanini wote wakaandika.

"Mwalimu," Kioko akauliza, "hii inaweza kutoka kwenye mtihani?"

"Inaweza."

Thoya akasimama. "Mimi ndiye wa nne."

Vichwa vyote vikageuka. Hakuwa amepanga kusema, lakini alishafungua mdomo. "Huyo mnayemcheka ni mimi. Shamba bado lipo. Kesi mwezi ujao. Mkitaka kujua jibu la mtihani njooni kortini."

Hakuna aliyecheka. Lakini Thoya aliona kwamba wengine walikuwa wanamtazama kwa hamu, kama watu waliosoma habari za kiboko kitabuni, kisha wakamwona kiboko mwenyewe.

Nyokabi akampeleka ofisini kwake, akafunga mlango.

"Hukutakiwa kujitaja, Thoya. Nimelificha jina lako kwa sababu."

"Umeficha jina, ukaacha kisima, kaburi na Takaungu. Ungeweka na picha kabisa."

"Idadi ya ekari niliibadilisha."

"Ahsante sana."

Akakaa bila kukaribishwa. "Sikuja kugombana. Nataka uandike barua. Sema ulisikia vibaya. Sema nilisema tuliingia tu."

"Ninayo sauti yako."

"Ifute."

"Siwezi. Wasimamizi wangu wameshaisikia, na makala imeshatoka, iko kila mahali. Na itakuwa uwongo." Akamwinamia. "Lakini wakiniita kortini kukutaja, sitakutaja. Hata wanifunge. Hilo nakuapia."

"Jina langu nitalifanyia nini? Nakuomba shamba, wewe unanipa jina."

"Umesoma aya ya mwisho? Nimeliomba Bunge libadilishe sheria. Nimeandika kwa ajili yenu, Thoya. Makala nzima iko upande wenu."

"Bunge litabadilisha lini?"

Nyokabi akatazama dirishani.

"Haya, nijibu hili moja tu, niende zangu," Thoya akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na yeye sauti yake haishuki. "Siku ile. Nilipokwambia tulikaribishwa. Ulijua maana yake kwenye sheria yenu?"

Nyokabi akalipanga upya rundo la karatasi mezani.

"Wewe mwalimu wa sheria. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha niendelee. Mpaka kikapu. Mpaka halua."

"Mtafiti haruhusiwi kumwelekeza mtoa habari," Nyokabi akasema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Ningekuonya, ungebadilisha maneno. Utafiti wote ungeharibika."

Thoya akamtazama sana. Kisha akainuka, akatoka, akasahau hata kufunga mlango. Garini mpaka Mtwapa alikuwa akijisemea peke yake, abiria wa pembeni akahama kiti.

Siku ya kesi, korti ilikuwa imejaa watu wa kesi nyingine. Thoya alipanda kizimbani kwanza. Wakili wa Twahir, Eugene, kijana mtanashati wa suti ya buluu, akamsomea maneno yale yale.

"Ni yako?"

"Si yangu."

"Uliwahi kuzungumza na mtafiti yeyote?"

"Huzungumza na watu wengi. Mimi mkwezi, watu wananiita kila mahali."

"Kuna shamba jingine nyuma ya Takaungu lenye kisima na kaburi?"

"Wakili, watu wanakufa kila siku na wote wanakunywa maji."

Watu wakacheka, hata karani. Thoya akashuka amejaa kiburi. Alikuwa ameapa kwa Biblia akadanganya, na wala hakuona haya. Babu angefanya hivyo toka mwanzo, aliwaza, angeingia usiku na panga, leo tungekuwa matajiri.

Kisha akaitwa Kadzo. Alikuwa amevaa leso mpya. Eugene akamsogelea, akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Sitakuchosha. Mlipofika kutoka Ganze, mama, usiku wa kwanza mlilala wapi?"

Ndinda akainua kichwa. Hakuna aliyelitarajia swali lile.

"Kwa Jaafar," Kadzo akasema. "Nilikuwa mjamzito, miguu imevimba."

"Mlikaa siku ngapi?"

"Mpaka nikajifungua. Mama yake Thoya huyu, Mungu amrehemu, alizaliwa chumbani kwa Bi Hindu. Bi Hindu ndiye aliyempokea mikononi."

"Na mume wako, mama, alipoanza kulifyeka lile pori, Mzee Jaafar alijua?"

Thoya alikuwa anamkazia macho bibi yake kutoka benchi la nyuma. Sema hapana. Neno moja tu, Hawe. Kadzo akalikunja na kulikunjua pindo la leso yake, mpaka jaji akaacha kuandika.

"Mama, umelisikia swali?" jaji akauliza.

"Nimelisikia, mheshimiwa. Wanataka niseme mume wangu alijiingilia." Akaiachia leso yake. "Nikisema aliiba, nimemzika wapi? Nimemlaza kwenye mali ya wizi miaka kumi na minane, na mimi nangoja kulala ubavuni pake? Na Bi Hindu aliyenikatia kitovu cha mwanangu, nimkane kwamba hakunijua? Siwezi. Mume wangu aliomba. Akakaribishwa."

Ndinda akainamisha kichwa mpaka paji likagusa faili.

Kadzo hakuwa amemaliza. Akageuka, akamtafuta Twahir kwa macho. "Twahir! Nyanya yako aliniambia karibu. Wewe waniambia nini?"

"Mama, zungumza na korti," jaji akasema, na haikuwa kwa ukali.

Twahir alikuwa anaitazama simu yake, imezimwa. Hakuinua uso.

Njiani kurudi, Thoya alinyamaza mpaka daraja la Kilifi. Kisha akapasuka. "Ungesema hapana tu! Mimi nilisema, nimekufa? Nimeanguka?"

"Na usiku utalala?"

"Nitalala fofofo!"

"Una bahati," Kadzo akasema.

Hukumu ilitolewa baada ya miezi minne, jaji akiisoma kwa video, wao wakimsikiliza kwenye simu ya Ndinda, mtandao unakatikakatika. Madai yametupwa. Siku tisini. Jaji akasema anaisikitikia familia, lakini mikono yake imefungwa, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, amekiri. Akaitaja makala ya Nyokabi mara tatu, akaisifu kwa uchambuzi wake wa kina, akapendekeza Bunge liitazame. Ndinda alisema wakate rufaa. Kadzo akamuuliza, huko kwenye rufaa ataulizwa nini tofauti? Ndinda akalifunga faili.

Wakaomba kibali cha afya, wakamfukua Ngumbao, wakamrudisha Ganze kwenye sanduku fupi. Kadzo akamfuata, akakaa kwa ndugu wa mumewe, na katika mwezi ule wa kwanza akazeeka miaka kumi. Huko Ganze hajawahi kumlaumu mtu. Hilo ndilo linalomuudhi Thoya kuliko yote, kwamba hana hata wa kugombana naye. Yeye alipanga chumba Barani, Malindi, akawa anakwea minazi ya watu, mchana anarudi chumbani anatazama mabati.

Ndipo Nyokabi akapiga simu. Sasa ni Daktari Nyokabi. Makala imempatia wafadhili, anafanya utafiti mkubwa zaidi, familia sitini kaskazini ya Malindi, na anahitaji mtu wa kumwongoza, anayejua watu na anayejua Kigiriama. Kuna malipo ya kila siku.

"Nitaelewa ukikataa," akasema.

"Lini tunaanza?" Thoya akamuuliza.

Walianza Magarini. Boma la kwanza lilikuwa la Mzee Charo, mtu wa miaka themanini, mifupa mitupu lakini macho makali. Mikorosho yake ilikuwa imeshikana mpaka mbele kabisa. Nyokabi akaamkia kwa Kiswahili, akapewa kiti, akaanza kupekua mkoba. Mkaza mwana wa mzee akaingia jikoni kuteleka chai.

Thoya akachuchumaa mbele ya mzee, akaanza kumsalimia kwa Kigiriama. Salamu za Kigiriama ni ndefu. Unauliza watoto, mbuzi, mvua, magonjwa. Lakini katikati ya salamu, bila kubadilisha sauti, Thoya akasema: "Mzee, huyu mama atakuuliza mliingiaje hapa. Mwambie hamkumwomba mtu. Mlikuta pori mkaingia. Hakuna aliyewakaribisha. Sisi tulisema ukweli, tumefukua mzee wetu."

Charo akamtazama. "Kwani mimi sikuomba? Nilikwenda na kuku wawili."

"Wasahau hao kuku."

"Wataka niseme sina adabu."

"Ndiyo, mzee. Sema hivyo hivyo."

"Baba yako ni nani, wewe kijana?"

Thoya akamsogezea Nyokabi meza.

"Mmesalimiana sana," Nyokabi akasema kwa tabasamu, anaweka kidude chake mezani.

"Salamu zetu ndefu, mwalimu," Thoya akamwambia. "Washa."

Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nyokabi akauliza watu wa boma, akauliza korosho, akauliza hati. Kisha, kwa upole ule ule, akauliza, "Na mzee, mlipokuja hapa mara ya kwanza, mlimwomba mtu ruhusa?"

Charo aligeuka kitini. Aliutazama mkorosho wake wa karibu, akamtazama Thoya, na uso wake ukawa kama wa mtu anayeambiwa avue nguo mbele ya wakwe.

"Hatukumwomba mtu," akasema. "Tuliingia tu. Kama ng'ombe."

Nyokabi akaandika, haraka, kichwa chini. Mkaza mwana akatokea jikoni na sinia, vikombe vitatu na mihogo ya kukaanga, moshi unafuka. Mzee akainua mkono akamzuia pale pale mlangoni.

"Rudisha," akamwambia. "Hawa wanaondoka."